Hiyo Si Bawasiri, Ni Nasuri

Juzi duka la dawa nilimsikia kijana akiomba "dawa ya bawasiri". Akaulizwa anasikiaje. Akanong'ona kwamba ana katundu pembeni ya njia ya haja kubwa, kanatoa usaha tangu Ramadhani. Akapewa mafuta ya kupaka, akaenda zake.

Hiyo si bawasiri. Ni nasuri, au fistula kama wanavyoiita hospitalini.

Bawasiri, kwa kifupi: kila mtu ana vijimto laini, kama vya kulalia, vya mishipa ya damu kwenye njia ya haja kubwa. Vikivimba, kwa kujikamua, kukaa chooni muda mrefu au ujauzito, ndiyo bawasiri. Hutoa damu nyekundu mbichi, mara nyingi bila maumivu. Nyingi hutulia kwa mboga, matunda na maji ya kutosha. Sugu hufungwa mpira mdogo hadi zikauke, au hukatwa. Ukijisaidia ukahisi umepitisha kipande cha chupa, na maumivu yakakaa saa nzima, huenda ni mchaniko wa ngozi. Huo nao una mafuta yake, na kukalia maji ya uvuguvugu husaidia.

Kinachoniudhi ni nasuri kunyimwa jina lake. Kiarabu kina bāsūr, wingi wake bawāsīr. Sisi tulichukua wingi tukaufanya umoja. Jirani yake ni nāsūr. Tofauti ni herufi ya kwanza tu, lakini waliotuachia maneno hayo walitupa mawili kwa sababu magonjwa ni mawili. Fistula nayo ni Kilatini: bomba, hata filimbi. Na bomba ndilo lenyewe. Jipu huanza kwenye vijitezi vya ndani, likatoboka au kupasuliwa upande wa ngozi, likaacha njia yenye midomo miwili, mmoja ndani, mmoja nje. Mafuta hayazibi bomba. Daktari hulipasua lipone kuanzia chini, au hupitisha uzi likiwa limepenya misuli inayobana choo, maana ukikata misuli hiyo ovyo, choo hakizuiliki tena. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipasuliwa ya kwake mwaka 1686, na hapo wapakaji walikuwa wameshamaliza mafuta yao yote.

Tatizo jingine: kwetu Tanzania neno fistula limezoeleka kwa kinamama wanaovuja mkojo au kinyesi baada ya uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama wakati wa kuzaliwa. Mwanamume akiambiwa ana fistula, anadhani daktari amekosea faili. Hajakosea. Ni bomba jingine, la mahali pengine.

Basi mdogo wangu wa duka la dawa, ukifika kwa daktari usianze na "nina bawasiri". Mwambie katundu, usaha, tangu lini. Kama kuna damu, au umepungua mwili, au choo kimebadilika, mwambie pia, kwani hata saratani huvaa jina hilohilo la bawasiri. Jina la ugonjwa atalitafuta yeye.