"Haanguki tena, tukampumzisha dawa"

Toka Mpwapwa hadi Bahi, kliniki ya kifafa haipiti bila mzazi kusema hivyo. Basi tuelewane.

Dhana: asipoanguka, amepona. Hapana. Fenobabito, dawa ya kifafa, haiondoi chanzo, iwe kovu la malaria kali, vifuko vya tegu wa nguruwe au ubongo uliokosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kazi yake ni kuipa nguvu GABA, kemikali ambayo seli za ubongo zizuiazo hutumia kutuliza jirani zao. Vipokezi vya GABA, yaani sehemu za seli zinazoipokea, vikizoea msaada huo kwa miezi, hupunguza wepesi wake. Ukiuondoa ghafla, breki iliyobaki ni dhaifu kuliko kabla ya dawa.

Kinachowadanganya watu ni mwendo wa dawa yenyewe. Kwa mtu mzima, baada ya siku kama nne nusu yake bado imo mwilini. Wiki ya kwanza anachunga ng'ombe vizuri, nyumbani wanasema "si mmeona?" Ya pili anaanguka mfululizo bila kuzinduka katikati. Hali hiyo inaua.

Kuacha kunawezekana: miaka 2 bila kuanguka, daktari akubali, kisha kupunguza taratibu, mara nyingi dozi ya siku ikishushwa kwa kidonge kimoja cha miligramu 30 kila mwezi au polepole zaidi. Mnahamia shambani? Ombeni dawa za msimu mzima kabla mvua hazijakata barabara. Nasema hili kila mwaka. Aliyesahau dozi ameze akikumbuka, asirundike mbili.

"Degedege litaisha lenyewe." Mengi huisha. Likipita dakika 5, mpelekeni kituoni: kadiri linavyoendelea, vipokezi vya GABA huzama ndani ya seli, na diazepamu, dawa ya kukatisha degedege, hukosa pa kushika. Njiani alale ubavu. Kijiko mdomoni, hapana!

"Tumempa karbamazepini, dawa nyingine ya kifafa, ya mtoto wa jirani." Kuna watoto, wakiwemo wengi wenye hitilafu ya jeni (chembe ya urithi) SCN1A, ambao seli zao zizuiazo ndizo dhaifu. Karbamazepini huzidi kuzidhoofisha, na degedege huongezeka.

"Mtoto ana usonji, tumnunulie vidonge vya GABA." Hapana. GABA inayomezwa haivuki vizuri kutoka damuni kuingia ubongoni. Hata bumetanaidi, dawa iliyolenga kurekebisha kazi ya GABA kwa kupunguza kloridi ndani ya seli, ilishindwa kwenye majaribio makubwa mwaka 2021. Fedha hiyo mlipeni mtaalamu wa kumsaidia mtoto kuzungumza.