Google sio mwajiri wako, ni dalali

Jana usiku tena. Mtoto wa dada yangu, yuko chuo mwaka wa pili, kanitumia voisi ya dakika tatu, salamu sekunde tano, zilizobaki zote swali moja: "Anko, watu elfu moja wakiingia kwenye blogu, Google wanatoa shilingi ngapi?" Huyu ni wa nne mwezi huu. Wa kwanza fundi wangu wa simu, wa pili mwalimu, wa tatu mtu mzima kabisa mwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, ambaye ukimuuliza mteja mmoja akipita mlangoni wewe unaingiza shilingi ngapi atakuona umechanganyikiwa. Atakuambia inategemea kaja kununua nini bwana, wengine wanakuja kuulizia njia. Haya, sasa kwa nini ukifika intaneti akili hiyo unaiacha nje?

Hakuna bei. Hakuna mhasibu kakaa mahali anahesabu vichwa halafu anazidisha.

Najua hii imani ilipopatia nguvu mpya. Zamani AdSense, ule mpango wa Google wa kuweka matangazo kwenye blogu na tovuti za watu, walikuwa wanalipa hasa tangazo likibonyezwa, halafu Novemba 2023 wakatangaza wanahamia kulipa kwa tangazo kuonyeshwa, na mwanzoni mwa 2024 wakahama kweli. Basi wale walimu wetu wa "ingiza dola ukiwa umelala" wakaibeba hivyo hivyo wakaitafsiri: siku hizi watu wakiingia tu unalipwa. Aisee. Kilichobadilika ni kipimo cha kukulipia, mnada uko pale pale.

Na ni mnada kweli, sisemi kwa mfano. Nenda mnada wa mifugo wa Pugu uulize ng'ombe bei gani, watakucheka, watakuuliza ng'ombe yupi. Msomaji akifungua ukurasa wako, hata picha haijamaliza kushuka kwenye simu yake, ile nafasi ya tangazo imeshanadiwa imeisha. Sio nafasi za blogu nzima, ni hiyo moja, kwa msomaji huyo mmoja, kwa wakati huo. Google anasimama katikati anapokea bei, mwenye kubwa anaingia, na tangu mwishoni mwa 2021 mshindi wa mnada wa AdSense analipa ile ile aliyotaja, kabla ya hapo alikuwa analipa kidogo tu juu ya aliyemfuata.

Hapa ndipo watu wananichosha, kwa hiyo naenda taratibu. Watangazaji wengi bado wanataja bei ya kliki, hawataji bei ya kuonekana. Mashine ya Google inabidi iwalinganishe. Tuseme Juma anatoa senti 10 za dola kwa kliki, na mashine inakadiria akionyeshwa mara elfu moja kwa wasomaji kama wako atabonyezwa mara 3. Huyo thamani yake kwa elfu ni senti 30. Asha anatoa senti 4 tu ila tangazo lake linawagusa wasomaji wako, linakadiriwa kubonyezwa mara 10, hiyo ni senti 40, Asha kashinda na Juma na senti zake 10 karudi nyumbani. Umeona? Kliki haijaondoka, imejificha ndani ya bei. Wewe unalipwa kwa kuonyesha lakini ile bei imepikwa kwa makadirio ya kama watu wako wanabonyeza, na wakishabonyeza kama wananunua.

Gawio lenyewe nalo limezua kelele. Zamani mwenye tovuti alikuwa anapata asilimia 68. Sasa hivi wanasema 80, watu wakashangilia, ila 80 hiyo ni ya kinachobaki baada ya jukwaa ambalo mtangazaji ananunulia nafasi kukata chake, na Google wenyewe walisema kwenye jukwaa lao la watangazaji wanabakiza wastani wa asilimia 15. Chukua 85 upate asilimia 80 yake. Umerudi 68. Endelea kushangilia.

Sasa nani anasoma. Mimi nina tovuti ya ufugaji wa kuku, chotara na wa kienyeji, na ukurasa unaosomwa kuliko zote ni ratiba ya chanjo, kideri na gumboro na ndui. Ukurasa ule ule, maneno yale yale. Akiufungua mtu wa Singida, mnadani wanasogea wanunuzi wawili watatu wenye senti zao. Akiufungua Mtanzania aliyeko Minnesota anayemjengea mama yake banda huku nyumbani, wanasogea kampuni za bima za Marekani, benki, magari, wote wanamtaka yeye, wala kuku hawawahusu. Kwenye dashibodi yangu wasomaji wa Marekani ni wachache wa kuhesabika na kuna miezi wanaleta karibu nusu ya hela. Sasa niambie "watu elfu moja" ni shilingi ngapi. Elfu wa wapi?

Mfano mkali zaidi ni matokeo. Mwaka fulani nilishawishika, Januari, matokeo ya kidato cha nne yanatoka NECTA, nikaweka ukurasa kwenye tovuti yangu nyingine wenye linki za kila mkoa. Nilipata watu wengi kwa siku mbili kuliko wa kuku mwaka mzima, nilikaa naangalia namba zinapanda kama bei ya nyanya wakati wa mvua, nikampigia mpaka mke wangu simu. Nilipoangalia hela nikadhani dashibodi imegoma. Haikugoma. Mtu anaingia, anabonyeza linki ya mkoa wake, katoka, tangazo hata halijatokea kwenye kioo, na tangazo ili lihesabike limeonekana nusu yake angalau inatakiwa ikae machoni sekunde moja nzima. Halafu ni Januari. Makampuni yamemaliza bajeti Desemba kwenye sikukuu, Januari wamenuna, mnada umepoa dunia nzima. Yaani niliwakusanya watu wengi kuliko wakati wowote, kwenye mwezi mbovu kuliko yote, waje kuangalia kitu ambacho hakina hata mtu mmoja anayetaka kuwauzia kitu pale. Wenye tovuti za matokeo wanaopata hela wapo, siwakatai, ila wana kurasa nyingi sana na wanaishi kwa wingi, wewe na kurasa zako saba usijilinganishe.

Na wale wa "ndugu zangu wa grupu naomba mnifungulie mnibonyezee matangazo", jamani. Hiyo ni kumwibia Asha kwenye mfano wetu hapo juu. Google wanaikata kwenye hesabu ya mwisho wa mwezi, ndio maana ile namba ya makadirio unayoipiga picha ukaiweka status huwa inapungua, na wakichoka wanakuwekea kikomo cha matangazo au wanafunga akaunti. Hata wasipokushika, mashine ya mtangazaji inaona kliki zinakuja kwake na hakuna anayenunua, inashusha bei kwako. Shangazi zako wamekuharibia soko kwa upendo.

Mambo ya malipo haraka haraka: ukifika dola 10 wanatuma PIN kwa posta, namba ya kuthibitisha anuani yako, kwa hiyo uwe na S.L.P. inayofanya kazi, yangu ilikuja kwa sanduku la shule anayofundisha kaka yangu, ilikaa kwa mhazini wiki mbili hakuna aliyejua ni nini. Malipo ni ukifika dola 100, kati ya tarehe 21 na 26. Mimi mara ya kwanza kufika 100 ilinichukua miezi kumi na moja. Benki nayo ikakata yake.

Kuna vitu sijavitatua mpaka leo nakiri. Nikiongeza matangazo kwenye ukurasa hela inapanda wiki hiyo, halafu miezi miwili mbele wasomaji wamepungua, na siwezi kuapa kwamba ni matangazo yaliyowafukuza au ni kitu kingine. Wasomaji wangu wengi wanahesabu bando, ukurasa mzito unawala hela yao ili mimi nipate senti, na wengine wako Opera Mini ambayo ina kizuizi cha matangazo ndani yake, kwa hiyo hao mnadani hata hawafiki. Siwalaumu. Matangazo ya kutafuta wachumba nimeyafunga kwa sababu ratiba ya chanjo inasomwa na vikundi vya wamama, na najua kila ninayemfungia ni mnunuzi mmoja kapungua mnadani. Kuna siku mbili zinafanana kila kitu, watu wale wale kurasa zile zile, hela ya siku moja ni mara mbili ya nyingine. Dalali hanionyeshi daftari lote, ananionyesha ukurasa wangu tu.

Ila nimwambie huyu kijana wa dada yangu kitu kimoja. Kuna jamaa anatengeneza mashine za kutotolesha vifaranga, alinipigia mwenyewe baada ya kusoma makala yangu ya joto la mayai, ananilipa elfu hamsini kwa mwezi kwa M-Pesa niweke picha ya mashine na namba yake ya simu chini ya makala. Picha yenyewe kapiga uani kwake, ndoo ya bluu inaonekana nyuma, nilimwambia tupige nyingine akakataa. Hakuna mnada, hakuna PIN. Wanaosoma ni wale wale wa Singida ambao dalali anawaona wa bei ya chini, ila kwa huyu jamaa ndio wateja wenyewe, wana mayai ndani na hawana mashine. Mwezi uliopita alipiga akaomba picha yake ipande juu, iwe kabla ya jedwali. Pale juu palikuwa na tangazo la Google. Nikalishusha.