Je, wajua kwa nini mhusika wa riwaya husahau jina lake lakini hasahau kuongea?

Mtu anazinduka kitandani hospitalini, kichwa kimefungwa bendeji. Nesi anamwuliza jina. Anafungua kinywa, anatafuta, hapati. Hajui kwao ni wapi wala kama ana mke na watoto. Lakini swali la nesi amelielewa. Maji ameyaomba kwa sentensi iliyonyooka, gilasi ameishika bila kumwaga, na kesho akiletewa viatu atafunga kamba huku akitazama dirishani.

Ukisoma riwaya za watu waliopoteza kumbukumbu wakaanza maisha upya, utakutana na ukurasa huu mara nyingi. Msomaji makini hujiuliza: kama kichwa kimefutika, mbona lugha imebaki? Wengine huona hapo ndipo mwandishi alipoteleza. Mimi riwaya hizi nazipenda tangu zamani, na swali hilo lilinisumbua mpaka nikalifuatilia. Nilichokuta ni kwamba kwenye lugha na kamba za viatu waandishi wako sahihi kabisa. Penye kosa ni kwenye jina.

Tuanze na lugha. Mwaka 1953, katika mji wa Hartford nchini Marekani, daktari William Scoville alimpasua Henry Molaison, kijana wa miaka 27 ambaye kifafa kilikuwa kimemzidi nguvu hata kazi hawezi kuifanya. Daktari alitoa sehemu za ndani za ubongo, upande wa kushoto na wa kulia, pamoja na kipande kikubwa cha kiungo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kikapungua. Ila tangu siku ile Henry hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya. Ungeongea naye, ukatoka, ukarudi baada ya muda mfupi, angekusalimu kama mgeni aliyeingia sasa hivi.

Mwanasaikolojia Brenda Milner alikwenda kumchunguza. Alimpa kazi inayokera hata mtu mzima wa afya: achore nyota kwa kufuata mistari, lakini mkono wake asiuone ila kwenye kioo. Kioo hugeuza kila kitu, kalamu inakwenda kinyume na unavyotaka. Siku ya kwanza Henry alikosea sana. Wakarudia kwa siku tatu, na makosa yakawa yanapungua kila siku. Mwishoni aliichora vizuri, na hakukumbuka kwamba aliwahi kuijaribu. Mkono umejifunza, mwenye mkono hana habari.

Hapo ndipo wataalamu walipoanza kuona kwamba kumbukumbu si sanduku moja. Kuna kumbukumbu ya matukio, yaani harusi uliyohudhuria, ugomvi wa jana, chakula cha mchana. Kuna kumbukumbu ya maarifa: maana ya maneno, kwamba Nairobi ni mji, kwamba chumvi hukoleza mboga. Na kuna kumbukumbu ya mikono na miguu: kuendesha baiskeli, kusuka, kupiga kinanda. Hii ya tatu hutegemea sehemu nyingine za ubongo, ikiwamo ile iliyoko kisogoni iitwayo serebela, ambayo kisu cha Scoville hakikuigusa. Lugha nayo imetandazwa kwenye tabaka la nje la ubongo, kwa watu wengi upande wa kushoto. Basi mtu anaweza kupoteza mlango wa matukio na bado akaongea, akahesabu, akafunga kamba.

Sasa tuje kwenye jina. Henry hakusahau jina lake. Aliwajua wazazi wake na aliukumbuka utoto wake mpaka uzeeni, hadi alipofariki mwaka 2008. Kilichopotea kwa nyuma kilikuwa hasa miaka iliyokaribiana na upasuaji. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot alikuwa tayari ameandika kwamba kumbukumbu zikianza kubomoka, za karibuni hutangulia na za zamani hudumu. Wengi wetu tumeliona hili nyumbani bila kulisoma popote. Bibi hajui kama amekula asubuhi, anamwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani, lakini jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza analitaja pamoja na fimbo aliyokuwa akishika. Na jina lako wewe umeitwa tangu unanyonya. Ni njia iliyokanyagwa kila siku ya maisha yako, na kwa aliyeumia kichwa ni miongoni mwa mambo ya mwisho kabisa kupotea. Kwa kawaida majeruhi hupoteza ajali yenyewe na saa au siku zilizoitangulia, kisha anahangaika na mambo mapya.

Je, hakuna anayesahau jina? Wapo, ila ni nadra, na mara nyingi chanzo ni moyo uliozidiwa, si fuvu lililopasuka. Januari 1887 mhubiri mmoja wa jimbo la Rhode Island, Ansel Bourne, alichukua fedha zake benki akatoweka. Majuma kadhaa baadaye, asubuhi ya tarehe 14 Machi, mwenye duka dogo katika mji wa Norristown, Pennsylvania, aliyejulikana kwa jina la A. J. Brown, aliamka akiwa na hofu na kuwauliza watu yuko wapi. Alisema yeye ni Bourne na hajui lolote kuhusu duka. Kumbe muda wote huo alikuwa akinunua bidhaa, akipika, akiuza, bila jirani kushuku kitu. Mwanafalsafa William James alimchunguza na kumwandika katika kitabu chake cha mwaka 1890. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1980, jasusi asiyejua jina lake katika riwaya ya Robert Ludlum alipewa jina hilohilo la Bourne.

Kwa hiyo mwandishi huchanganya visa viwili: anachukua bendeji ya majeruhi na kumvisha mtu wa aina ya Bourne. Simlaumu sana. Riwaya huishi kwa swali la mimi ni nani, na mtu anayelijua jina lake ila amesahau ulichomwambia dakika kumi zilizopita ni mgumu kumbebesha hadithi. Ninachokilaumu ni lile pigo la pili, pale mhusika anapoanguka tena au kugongwa kichwani na yote yakarudi. Ubongo si redio kuukuu inayopigwa kofi ikarudi kusema. Pigo la pili huongeza jeraha.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoifanya hadithi hii iwe ya watu wote. Mwaka 1918, vita haijaisha, Rebecca West alichapa riwaya kuhusu ofisa Mwingereza anayerudishwa nyumbani na mshtuko wa mabomu, miaka 15 imefutika. Mke wake ni mgeni kwake, na anamtaka msichana aliyempenda ujanani. Wanaomzunguka wanajua njia ya kumwamsha: kumwonyesha vitu vya mwanawe aliyefariki. Wanajua pia kwamba akiamka atarudishwa vitani. Nimeisoma riwaya hiyo nikitamani wamwache alivyo.

Mwaka huohuo Ufaransa ilipata mtu wa kweli wa namna hiyo. Februari 1918, katika kituo cha treni cha Lyon, miongoni mwa wafungwa waliorudishwa kutoka Ujerumani, alionekana askari asiye na karatasi wala jina. Alipoulizwa alinong'ona kitu kilichosikika kama Mangin, basi wakamwandika Anthelme Mangin na kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Picha yake ilipochapishwa magazetini, makumi ya familia walijitokeza. Kina mama walimwona mtoto wao, kina mke mume wao. Hawakuwa waongo. Walikuwa watu wasio na kaburi la kulilia. Uchunguzi wa miaka mingi ulimfikisha kijiji cha Saint-Maur katika mkoa wa Indre, na inasimuliwa kwamba alipoachwa atembee peke yake, miguu ilimpeleka moja kwa moja hadi nyumba ya baba yake. Jina lake lilikuwa Octave Monjoin. Hakupata kuishi nyumbani. Alifia hospitali mjini Paris mwaka 1942.

Miguu yake ndiyo inayonileta kwenye swali la pili ambalo riwaya hizi huliibua: mtu wa namna hii hujengaje maisha upya? Riwaya nyingi hulitatua kwa kurudisha kumbukumbu. Kwa majeruhi halisi mara nyingi hazirudi zote, na kazi huwa ni kuishi bila hizo: daftari moja lisilobadilishwa, kengele ya simu, vibandiko kwenye makabati, njia ileile ya kwenda sokoni. Wanaowafundisha wagonjwa hawa wana kanuni inayoshangaza. Usimwache abahatishe. Sisi hujifunza kwa kukosea kwa sababu tunakumbuka kosa. Asiyekumbuka tukio hawezi kukumbuka kwamba alikosea, lakini mkono wake umeshalishika kosa lile, na kesho utalirudia kama jambo sahihi. Kwa hiyo anaonyeshwa hatua sahihi tangu mwanzo, tena na tena, hadi mwili uichukue.

Riwaya niionayo kuwa ya kweli kuliko zote hapa ni ya Yoko Ogawa wa Japani, ya mwaka 2003. Profesa wa hesabu alipata ajali ya gari mwaka 1975, na kuanzia hapo kumbukumbu mpya humdumu dakika 80 tu. Koti lake limejaa karatasi alizozibana, moja ikimkumbusha ugonjwa wake. Kila asubuhi mtumishi wa nyumbani hugonga mlango na kupokewa kama mgeni, na profesa huanza kwa kumwuliza namba, kwa sababu namba hazijamkimbia. Siku moja anaambiwa mtumishi alizaliwa tarehe 20 Februari, yaani 220. Saa ya mkononi ya profesa ina namba 284. Anaketi kuonyesha ajabu yake: jumlisha namba zote zinazoigawa 220 bila baki, ukiiacha yenyewe, utapata 284, fanya hivyo kwa 284, utapata 220. Kesho yake hatamkumbuka mwanamke huyo. Lakini nyumba ile imepata desturi: mtoto wa mtumishi anakuja baada ya shule, wanafanya hesabu, wanakula pamoja. Hakuna pigo la pili, hakuna asubuhi ya kuzinduka.

Na Henry Molaison? Miaka mitano baada ya upasuaji alihamia nyumba nyingine pamoja na wazazi wake. Kwa sheria ya ugonjwa wake hakupaswa kuijua kamwe. Miaka ilipopita, watafiti walimwomba achore ramani yake. Akachukua kalamu akaichora, chumba kwa chumba, kila kimoja mahali pake.