Ushuru sifuri, lori limesimama

Juzi nilikuwa namjazia fomu mteja wangu wa Muheza anayepeleka machungwa Kenya, akaniuliza: "Kaka, Waingereza walipojitoa Ulaya si walikubaliana ushuru uwe sifuri? Sasa malori yalikwama kwa lipi?"

Nikamwonyesha karatasi iliyokuwa mkononi mwangu: cheti cha uasili, yaani karatasi inayothibitisha mzigo umezalishwa wapi.

Machungwa yake hayana ubishi, yamechumwa Muheza. Yanavuka Horohoro, mpakani na Kenya, bila ushuru wa forodha kwa kuwa cheti kinathibitisha ni ya ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sasa chukua sukari ya Brazil, ibadilishe gunia hapa mjini Tanga, uipakie kwenye fuso hilohilo. Gunia jipya haliifanyi sukari kuwa ya Mtanzania. Mpakani itadaiwa.

Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, ila hadi mwisho wa mwaka ule mizigo iliendelea kupita kama zamani. Mkataba wa biashara ulisainiwa tarehe 30 Desemba, ukaanza kutumika Januari mosi. Siku mbili! Mtu wa kliaringi yeyote, sisi tunaotoa mizigo forodhani, akisikia hivyo anashika kichwa. Sifuri ilikuwepo kweli, lakini kwa bidhaa zenye uasili wa pande hizo mbili tu. Viatu vya China vilivyolipiwa ushuru Uingereza zamani vilikwenda Ufaransa bila kuulizwa, maana ndani ya umoja wa forodha mzigo ukishalipiwa mlango mmoja umelipiwa yote. Baada ya kutoka, viatu vilevile vikawa vya kigeni upya. (Sisi Afrika Mashariki ni umoja wa forodha tangu 2005 na bado tunadaiana vyeti vya uasili. Hilo linanikera, nitaliandikia siku yake.)

Halafu kuna afya ya mimea na mifugo, ambayo haina habari na ushuru. Januari 2021 madereva walioshuka melini Uholanzi walinyang'anywa hata mikate yao yenye nyama. Na kuna mzigo mchanganyiko: wafanyabiashara watano kwenye lori moja, mmoja karatasi yake ina kasoro, wote wanalala. Hiyo imewahi kunipata Horohoro. Vitunguu vya watu vilianza kuota kwa sababu ya katoni mbili za mtu mwingine.

Palipo pagumu kuliko pote ni Ireland. Ireland ya Kaskazini ni sehemu ya Uingereza, lakini jirani yake wa nchi kavu, Jamhuri ya Ireland, amebaki Umoja wa Ulaya. Mkataba wa amani wa 1998 uliomaliza mapigano ya huko ulifanya mpaka huo usiwe na vizuizi, na hakuna aliyetaka kuvirudisha. Ukaguzi ukahamia baharini, kati ya Uingereza yenyewe na Ireland ya Kaskazini. Ni kama Horohoro iachwe wazi, kisha mzigo wa kwenda Pemba ndio ukaguliwe bandarini Tanga. (Msomaji wangu wa Wete, najua umeshacheka.) Mwaka 2023 wakagawa njia mbili: ya kijani kwa bidhaa zinazobaki Ireland ya Kaskazini, nyekundu kwa zinazoweza kuendelea hadi Umoja wa Ulaya.

Sisi 1977 hatukuwa na kijani wala nyekundu. Jumuiya ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya hadi 1983, na mgawanyo wa mali ukasainiwa Arusha Mei 1984. Wazee wa huku wanakumbuka sabuni za magendo. Mkataba wa Jumuiya ya sasa umejifunza kidogo: ibara ya 145 inataka theluthi mbili ya wabunge na taarifa ya miezi 12 kabla ya nchi kutoka. Uingereza ilipewa miaka miwili, na bado ikaomba kuongezewa muda mara tatu.

Mteja alinisikiliza, jicho likiwa kwenye saa. Kwenye fomu aliandika tani kumi. Mizani ilisoma kumi na moja na ushei. Tukaanza kuandika upya.