Agape, fileo na maswali matatu ya Yohana 21: dhana potofu na ukweli

Katika mahubiri mengi ya Kiswahili, na hasa katika semina za ndoa, husikika mgawanyo wa maneno manne ya Kigiriki uliokwisha kuwa kama kanuni ya imani: agape ni upendo wa Mungu usio na masharti, fileo ni upendo wa marafiki, storge ni wa jamaa, na erosi ni wa mwili. Mgawanyo huu unakaririka kwa urahisi, na jambo unalolitetea, kwamba Mungu huwapenda wasiostahili, limeandikwa wazi katika Warumi 5:8. Tatizo ni kwamba waandishi wa Agano Jipya hawakuyatumia maneno hayo kwa kuyatenga namna hiyo.

Dhana: Agape ni neno takatifu, lisiloweza kutumika kwa tamaa za wanadamu.

Ukweli: Septuaginta, yaani Agano la Kale la Kigiriki ambalo Wakristo wa kwanza walilisoma, inasimulia katika 2 Samweli 13 jinsi Amnoni alivyomtamani dada yake Tamari, akambaka, kisha akamchukia kwa chuki iliyozidi upendo aliokuwa nao kwake. Neno lililotumika hapo kwa huo "upendo" ni agape, na kitenzi chake ni agapao. Agano Jipya lenyewe halina aibu na matumizi ya aina hiyo: watu waliopenda giza kuliko nuru katika Yohana 3:19, Mafarisayo waliopenda viti vya mbele katika Luka 11:43, na Dema aliyemwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu wa sasa katika 2 Timotheo 4:10, wote "walipenda" kwa kitenzi hicho hicho agapao. Upendo wa Mungu hautambulikani kwa neno lililotumika, bali kwa yale yanayosemwa juu yake: nani alipenda, alimpenda nani, na alitoa nini.

Dhana: Fileo ni upendo wa daraja la chini.

Ukweli: Baba anampenda Mwana kwa agapao katika Yohana 3:35, na anampenda kwa fileo katika Yohana 5:20. Katika Yohana 16:27 Baba anawapenda wanafunzi kwa fileo. Lazaro anapendwa kwa fileo katika mstari wa 3 wa sura ya 11 na kwa agapao katika mstari wa 5, na yule mwanafunzi ambaye Yesu alimpenda hupendwa mara kwa agapao, mara kwa fileo. Paulo anapotamka laana juu ya asiyempenda Bwana, katika 1 Wakorintho 16:22, anatumia fileo. Kama kweli neno hilo lingekuwa na upungufu, hapo ndipo tungelitarajia lile kubwa zaidi.

Dhana: Yesu alimwomba Petro agape, Petro akaweza kutoa fileo tu, na mwishowe Yesu akashuka hadi kiwango chake.

Ukweli: Hii ndiyo dhana yenye nguvu kuliko zote, na si ya wahubiri wa mitaani peke yao, kwa maana wafafanuzi wa heshima wa karne ya 19, akiwemo Brooke Foss Westcott wa Uingereza, waliona tofauti hapo. Katika Yohana 21:15-17 Yesu, baada ya kufufuka, anamwuliza Petro mara tatu kama anampenda. Ni kweli kwamba anauliza mara mbili kwa agapao na mara ya tatu kwa fileo, na kwamba Petro anajibu kwa fileo mara zote tatu. Lakini Petro huanza na "Naam, Bwana" katika jibu la kwanza na la pili, na mtu hasemi "naam" anapokataa alichoulizwa. Zaidi ya hayo, katika mistari hiyo hiyo mitatu Yohana anabadilisha maneno mengine pia: wana-kondoo wanakuwa kondoo, kulisha kunakuwa kuchunga kisha kulisha tena, na kitenzi cha "wajua" kinabadilika katika jibu la mwisho. Sijapata kumsikia mhubiri akijenga fundisho juu ya tofauti ya kulisha na kuchunga, ingawa hoja yake ingemtaka afanye hivyo.

Maandishi yenyewe yanaeleza kilichomhuzunisha Petro: aliulizwa mara ya tatu. Mazungumzo yanafanyika kando ya moto wa makaa, na neno hilo la Kigiriki, anthrakia, linapatikana mara mbili tu katika Agano Jipya lote. Mara nyingine ni Yohana 18:18, katika ua wa kuhani mkuu, ambapo Petro alisimama akiota moto kabla ya kutimiza kumkana Bwana wake mara tatu.

Dhana: Wakristo ndio waliobuni neno agape.

Ukweli: Wimbo Ulio Bora wa Kigiriki unalitumia kwa mapenzi ya bibi na bwana arusi. Kitenzi agapao kilikuwa kikienea tangu karne ya 4 KK, huku fileo ikizidi kubeba maana ya kubusu, na ndiyo maana Marko 14:44 inatumia fileo kwa busu la Yuda. Katika Ugiriki ya leo, anayetaka kumwambia mchumba wake "nakupenda" husema "s'agapo".

Dhana: Aina zote nne za upendo zimetajwa katika Biblia.

Ukweli: Neno erosi halimo katika Agano Jipya, na storge limo ndani ya maneno ambatani tu, kama katika Warumi 1:31 na 12:10. Umaarufu wa mgawanyo huu ni wa karne ya 20, kupitia mwanateolojia Anders Nygren wa Sweden katika miaka ya 1930 na mwandishi C. S. Lewis mwaka 1960.

Dhana: Biblia ya Kiswahili ilipoteza maana kwa kuandika "penda" kila mahali.

Ukweli: Tafsiri ya Kilatini ilitenganisha vitenzi viwili katika Yohana 21, na hilo ni haki yake. Kiswahili nacho kina kitenzi "kuhibu", yaani kupenda, kinachojulikana zaidi kwa watunzi wa mashairi, ila kukitia kinywani mwa Petro kungemfanya msomaji atafute hapo mvutano ambao, kwa maoni yangu, Yohana hakuuweka.