Ndege ya zamani na leseni ya rubani wa michezo: anza na makaratasi

Ndege iliyoundwa mwaka 1946 inaweza kabisa kurushwa na mtu mwenye leseni ya rubani wa michezo nchini Marekani, yaani leseni nyepesi ya kurusha ndege ndogo kwa starehe. Umri wake si hoja. Lakini kabla hujamlipa mwenye ndege hata senti moja, mwombe makaratasi. Mimi ni fundi wa ndege, na nimeona watu wakipenda rangi na mabawa ya kitambaa kwanza, sheria wakaisoma baadaye.

Leseni hii ilianzishwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, mwaka 2004. Masharti ya wakati ule yalikuwa makali: uzito wa kupaa usizidi pauni 1,320 (kama kilo 600) kwa ndege ya nchi kavu, viti viwili tu, injini moja, magurudumu yasiyokunjwa, kasi ya juu isipite noti 120 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), na kasi ambayo mabawa huacha kuibeba ndege isizidi noti 45. Piper J-3 Cub ilipita kwa pauni zake 1,220, sawa na Aeronca 7AC Champ. Cessna 140, ndege ya viti viwili, pole na rahisi kuitunza, ilibaki nje kwa sababu uzito wake ulioidhinishwa ni pauni 1,450. Hata ukiirusha peke yako na tangi nusu, haikusaidia kitu. Kilichohesabiwa ni uzito ulioandikwa kwenye cheti cha aina ya ndege.

Mfano ulionifundisha zaidi ni Ercoupe. Ni ndege iliyobuniwa na Fred Weick ili isiingie kwenye mzunguko wa kuanguka, na nyingi zilitengenezwa bila pedali za usukani wa mkia. Modeli ya 415-C iliidhinishwa kwa pauni 1,260, kwa hiyo ilikubalika. Ya 415-D ilikuwa na pauni 1,400, ikakataliwa. Tatizo ni kwamba baadhi ya 415-C zilibadilishwa miaka mingi iliyopita ili zibebe uzito wa D. Sheria ilitaka ndege iwe imetimiza masharti mfululizo tangu ilipoidhinishwa mara ya kwanza, kwa hiyo ukishavuka mpaka hakukuwa na kurudi, hata ukirudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Ndege mbili zinazofanana kama pacha, moja iliruhusiwa na nyingine haikuruhusiwa, kwa sababu ya ukurasa mmoja uliosainiwa kabla wewe hujazaliwa.

Mambo yalibadilika mwaka 2025. FAA ilitangaza kanuni mpya mwezi Julai, na upande wa marubani ukaanza kutumika tarehe 22 Oktoba. Kikomo cha uzito kimeondoka kwa rubani wa michezo. Kipimo kikuu sasa ni kasi ya chini ambayo mabawa bado yanabeba bila msaada wa flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua: isizidi noti 59. Viti vinaweza kufika vinne, ingawa rubani bado anaruhusiwa abiria mmoja tu. Cessna 140 imeingia. Cessna 170 nayo imeingia. Kwangu hii ni haki iliyochelewa.

Angalizo hapa: vipima kasi vya ndege nyingi za zamani husoma maili kwa saa. Mtu anaona 62 mwanzo wa tao la kijani, ambapo ndipo alama ya kasi hiyo ya chini, anashtuka na kuiacha ndege nzuri, kumbe 62 hiyo ni kama noti 54. Noti 59 ni karibu maili 68 kwa saa. Isitoshe, kanuni inazungumzia kasi iliyosahihishwa makosa ya kifaa, ambayo si lazima iwe sawa na ile inayoonyeshwa na mshale. Soma kitabu cha ndege hiyo hiyo, usiazime namba za ndege ya jirani.

Jambo linalosahaulika sana ni kwamba kinachobadilika ni ruhusa ya rubani, ndege haibadiliki. Cub inabaki na cheti chake cha kawaida cha ubora wa kuruka. Ukaguzi wa mwaka unafanywa na fundi mwenye idhini ya ukaguzi, na kozi fupi ya ukaguzi wa ndege nyepesi za michezo haikupi mamlaka ya kuisaini.

Kwa rubani, faida ni kubwa: mafunzo yasiyopungua saa 20 badala ya 40 za leseni ya rubani binafsi, na kwa safari za mchana leseni ya udereva ya Marekani inatosha badala ya cheti cha afya kutoka kwa daktari wa anga. Ila kama ombi lako la mwisho la cheti hicho lilikataliwa, njia hiyo imefungwa mpaka ulimalize suala hilo na FAA.

Na kwa ndugu walioko Marekani wanaoniuliza kama wataitumia leseni hii wakija likizo Nairobi au Dar es Salaam: haikidhi viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Bila idhini ya awali kutoka nchi unayokwenda, huwezi kuruka nayo huko.