Puja ya Lakshmi nyumbani: fuata jua la hapa ulipo

Kila Diwali, sikukuu yetu ya taa, ikikaribia simu yangu mimi kuhani haipumziki, na swali ni lile lile, "Maharaj, muhurat (muda mwema wa kuanza ibada) saa ngapi?", halafu hapo hapo ben (dada) ananitumia picha iliyozunguka kwenye magrupu ya wasapu, ratiba ya Ahmedabad au Delhi. Ben, wewe upo Upanga, hapa Dar. Jua linalokuhusu ni la Upanga.

Naomba nieleze vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Puja (ibada) ya Lakshmi, mungu wetu wa kike wa neema na mali, inafanywa siku ya amavasya, usiku usio na mwezi kabisa, na muda wake ni pradosh, yaani kuanzia jua linapozama, kwa muda wa masaa mawili na kitu. Kwa hiyo amavasya iwepo na jua liwe limezama, vyote viwili, na unavihesabu kwa pale ulipo. Chukua Diwali ya 2024 iliyoleta mabishano makubwa. Kwa saa za India amavasya ilianza Oktoba 31 saa tisa na dakika 52 alasiri, ikaisha Novemba 1 saa kumi na mbili na dakika 16 jioni, sasa kule jua la Novemba 1 lilizama huku amavasya bado imebaki kidogo, ndio maana wengine walishika tarehe 31 na wengine tarehe 1, na ubishi ukavuka bahari ukatufikia. Lakini sisi tupo nyuma yao saa mbili na nusu. Hapa Dar amavasya iliisha Novemba 1 saa tisa na dakika 46 alasiri, na jua letu msimu ule linazama saa kumi na mbili na robo hivi. Ilikuwa imeshaisha kitambo! Kwa Dar, Mombasa, Nairobi, ilikuwa Oktoba 31 tu.

Sankalp, yaani kuweka nia ya puja, nayo hivyo hivyo. Unashika maji, mchele, ua na sarafu kwenye kiganja cha kulia, unataja mwaka, mwezi, tithi (siku ya mwezi mwandamo), mahali ulipo, jina lako na gotra (ukoo), unasema puja unaifanya kwa ajili ya nini, ndio unaachia. Siku hizi vijana wanafuatisha yutubu neno kwa neno, mpaka mji wa yule pandit (kuhani) wa kwenye video wanautaja. Taja Dar es Salaam, taja Tanzania, ndipo ulipokaa na familia yako. Na mwaka uangalie, sisi Wagujarati mwaka wa kalenda yetu, Vikram Samvat, unabadilika Bestu Varas, siku yetu ya mwaka mpya, Diwali ikishapita, kwa hiyo Oktoba 20, 2025 ilikuwa bado 2081, ila ukisikiliza pandit wa kaskazini mwa India atasema 2082 kwa sababu kwao mwaka ulishageuka tangu mwezi wa Chaitra, yaani Machi hivi. Wote wako sahihi, wewe shika ya kwenu.

Sasa kalash, chombo kitakatifu cha maji, hii naipenda sana kuifundisha. Tandika kitambaa chekundu juu ya bajoth (kimeza kifupi cha puja), mwaga mchele, weka chombo cha shaba juu yake, jaza maji, tia popoo, sarafu, manjano kidogo, panga majani matano ya mwembe mdomoni halafu nazi juu. Nazi ukienda sokoni mwambie muuzaji kabisa asiichune yote, akuachie makumbi juu kama kishungi, maana wamezoea kuimenya yote kwa ajili ya kukuna. Maji ya bomba yanatosha. Ukiwa na Gangajal (maji ya mto Ganga) tia tone, huna pia sawa, ipo mantra (maneno matakatifu) ya kuita mito saba, Ganga, Yamuna, Godavari, Saraswati, Narmada, Sindhu na Kaveri, iingie kwenye maji uliyonayo. Wazee waliovuka na majahazi kutoka Kutch na Kathiawar, kule Gujarat, walitumia maji ya visima vya Pwani na puja zao zilikuwa kamili.

Utambi uloweke kwenye samli mapema, na feni uizime, najua joto la Oktoba lilivyo ila feni inazima diya (taa ya utambi) kila dakika na pazia likipepea juu ya moto ni hatari.

Unaanza na Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, siku zote, yeye mpe durva (aina ya nyasi), tulsi (mrehani mtakatifu) hapewi. Halafu Lakshmi unamkaribisha hatua kwa hatua: unamwita, unampa pa kukaa, maji ya miguu, maji ya mkono, unamwogesha kwa panchamrit (maziwa, mtindi, samli, asali, sukari), nguo, kumkum (unga mwekundu), maua, ubani, taa, chakula, tambuu, mwisho arati (kuzungusha moto mbele yake) kwa kafuri. Yungiyungi hakuna? Asumini na waridi zinafaa kabisa. Na chochote kilichokosekana unaweka akshat badala yake, punje za mchele nzima zisizovunjika zilizopakwa kumkum, unasema hii ni kwa niaba ya nguo, au ya pambo. Hii ni taratibu halali ya puja, kwa hiyo msikope pesa kwa ajili ya vitu, nawasihi sana.

Wenye biashara wanafanya na chopda pujan (puja ya vitabu vya hesabu) usiku huo huo, swastika, alama yetu ya heri, na maneno "Shubh Labh" (heri na faida) kwenye daftari jipya, na kama mahesabu yako yapo kwenye laptopu basi laptopu ndiyo inawekwa.

Mwisho, jambo ambalo wengine mnalipitiliza. Kwenye puja nyingi tunawaaga miungu, usiku huu Lakshmi na Ganesh hawaagwi, unawaomba wabaki nyumbani. Kesho yake maji ya kalash unayanyunyiza kila chumba kwa jani la mwembe, yanayobaki peleka kwenye mimea, nazi vunja mgawane, na ule mchele wa chini ya kalash usimwage, upikeni kheer (wali mtamu wa maziwa).